Pua Haikula Kiapo

Watu wa mtaani kwetu wakimtaja Bwana Nyuki huanza na nyuki. Mimi nitaanza na glasi, maana mimi ndiye niliyekuwa naziosha, na yeye ndiye aliyekuwa ananizuia kuziosha.

Nina grosari hapa Mpanda, nyuma ya stendi. Meza sita, friji moja yenye kiburi. Siku ya kwanza alipoingia ilikuwa saa mbili asubuhi, nafagia, viti bado viko juu ya meza. Nikaona mzee mrefu, mwembamba, kofia mkononi, koti la kaki la mifuko minne. Nikajisemea moyoni, haya, wameshaanza. Mlevi wa jioni ni mteja, wa asubuhi ni mgonjwa, na mimi si nesi.

"Shikamoo mzee. Bado hatujafungua."

"Marahaba, mama. Sikuja kunywa. Yule mkandarasi wa barabara alikuwepo hapa jana?"

"Alikuwepo. Kwani kafanya nini?"

"Alikunywa wiski?"

"Alikunywa."

"Glasi yake umeshaiosha?"

Ilikuwa bado kwenye kaunta pamoja na nyingine za jana. Aliitambua bila kuonyeshwa. Akaishika kwa vidole viwili chini kabisa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaingiza pua, akafumba macho. Nikasimama na ufagio wangu. Akakaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa kwamba atanifia mle ndani, na mimi leseni ndiyo kwanza nimeibandika ukutani.

"Mbao," akasema mwishowe. "Mbao ya zamani iliyolaza kitu kitamu. Halafu moshi. Moshi wa mbali, kama mtu anachoma shamba ng'ambo ya mto." Akairudisha glasi pale pale alipoitoa, akashukuru, akavaa kofia, akaondoka. Ile glasi niliiosha mara mbili na kuisuuza kwa maji ya moto.

Baada ya hapo akawa anakuja kila mkandarasi anapolala mjini, na kwa vile barabara zetu haziishi kutengenezwa, alikuja sana. Akanifundisha kuiacha glasi wazi kidogo mpaka ikauke, kisha kuifunika kisosi ili nzi wasiitangulie. Akanifundisha kwamba wiski ikiwa imejaa kwenye glasi inapiga kelele, huwezi kusikia inachosema, lakini ikishanyweka, glasi ikabaki tupu na kupoa, ndipo mambo yanatoka moja moja. Kulikuwa na asubuhi alisema anasikia ngozi ya kiti. Nyingine maganda ya chungwa. Siku moja akaniambia anasikia kabati la bibi yake, nikamwuliza bibi yako alikuwa na kabati, akasema hapana, ila angekuwa nalo lingenukia hivyo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kunusa kwa siri akishaondoka. Mwezi wa kwanza nilisikia wiski tu. Mwezi wa pili nikasikia mbao, nikafurahi kama niliyefaulu mtihani.

Bia hakuitaka. "Huo ni mkate uliolowa." Gongo akiletewa kwa utani aliisukuma kwa kidole. "Hii haina harufu, mama, hii ina hasira."

Kazi yake serikalini, kabla hajastaafu, ilikuwa ni kuwafundisha watu ufugaji wa nyuki, ndiyo maana jina likawa hilo, na hata mkewe tukamwita Mama Nyuki. Pua yake ilikuwa mali ya mkoa mzima. Watu walimletea asali kwenye ndoo, kwenye chupa, kwenye kibuyu, naye hakuonja. Alifungua kifuniko, akanusa, akasema: hii ya maua ya mti wa mtundu, hii ya mninga, hii nyuki wake walikaa karibu na zizi. Mchuuzi mmoja alileta ndoo yenye sukari iliyochemshwa akaapa kwa jina la mama yake kwamba ni ya porini. Bwana Nyuki alinusa kwa mbali, kifuniko hakijafunguliwa hata nusu, akamwuliza kwa upole kama mama mwenyewe bado yuko hai, maana itabidi aombwe radhi. Mchuuzi alibeba ndoo yake akaondoka bila kuaga.

Sasa uone vituko. Mtu huyo huyo chai yake aliweka sukari, vijiko vitatu. Nikamwambia, we mzee, nyumba yako ina asali kuliko maji, unanunua sukari ya nini? Akasema asali ni kazi, na mtu hachanganyi kazi na chai. Tena mwenye pua ile ya ajabu, yeye mwenyewe alinuka moshi mwaka mzima, maana sabuni ya manukato hakuigusa. Nyuki hawaitaki. Kanisani aliimba besi kwenye kwaya, na wanakwaya walijipanga kufuata upepo. Alikuwa mpole kupita kiasi na mbishi kupita kiasi, na vyote viwili kwa sauti ile ile ya chini, hivyo ulichelewa kujua uko kwenye ubishi.

Ubishi wake mkubwa ulikuwa mmoja: ulimi na pua ni watu wawili. "Ulimi ni mlafi," alikuwa anasema. "Ukiupa kidogo unataka chote. Pua ni mstaarabu, inachukua harufu na kuacha kila kitu mahali pake." Vijana wangu wa saa za jioni walipenda kumchokoza kwa hilo wakimkuta njiani. Mimi nilifikiri ni falsafa za wastaafu tu, mpaka nilipojua kisa chenyewe.

Zamani alikunywa. Alikunywa hasa. Kisha siku moja ikafika zamu ya kuwafundisha wakulima kule Kasokola, namna ya kufungua mzinga. Sasa kila mrina asali wa kwetu anajua kwamba nyuki hawataki mambo mawili: harufu ya pombe, na mtu aliyetoka nyumbani kwa ugomvi. Bwana Nyuki aliamka na vyote viwili. Alikuwa amelala na pombe, akaamka akaongeza kidogo ya kutoa baridi, mkewe akasema, yeye akajibu, akaondoka mlango ukigongana. Akasimama mbele ya wakulima, akaeleza kwa ufasaha kabisa kwamba nyuki hawataki pombe, kisha akafungua mzinga.

Walitoka wote. Alikimbia akapita shamba la mahindi la mtu, akapita uani kwa mtu, akaishia kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, akazama ikabaki pua. Wakulima, kwa kuwa ni watu wasikivu, walidhani ni sehemu ya somo. Inasemekana mmoja aliandika kwenye daftari: hatua ya tano, kimbilia lambo.

Mama Nyuki aliitoa ile miiba kwa kucha, mmoja mmoja, mgongo mzima. Alipomaliza akafunga sufuria zake kwenye kitenge, na kesho yake akaenda kijijini kwao, Mamba. Hakurudi. Mpunga ukavunwa, yuko Mamba. Mahindi yakavunwa, yuko Mamba. Bwana Nyuki alikwenda kumbembeleza mara mbili akapewa ugali na kuonyeshwa njia. Aliniambia mwenyewe, siku ambayo hakuwa na utani, kwamba nyumba ilikuwa haina harufu. Anaingia, ananusa, hakuna mtu aliyepika, hakuna mtu aliyefua, hakuna mtu. "Nilikaa kwenye ile nyumba nikalia, mama. Mzee mzima."

Mara ya tatu mke akakubali kurudi, kwa sharti moja. Mbele ya mzee wa kanisa, mkono juu ya Biblia, mume aape kwamba ulimi wake hautagusa pombe mpaka kufa. "Ukigusa," Mama Nyuki akasema, "hata tone, naondoka, na safari hiyo usijisumbue kunifuata." Akaapa. Na kwa sababu ni mtu wa mizinga, mtu wa kuangalia kila tundu, akashika maneno kama yalivyosemwa. Ulimi uliapa. Pua haikula kiapo.

Unaweza kucheka. Hata mimi nilicheka, mpaka asubuhi moja wahuni fulani walipomtega. Waliiacha glasi ya wiski ikiwa na kinywaji, kama upana wa kidole hivi, wakaifunika kisosi kama kawaida. Mimi sikujua. Akaja, akafunua, akaiona. Akakaa chini. Akaiweka kofia gotini, akaikalia mikono yake yote miwili. Nilimwona akimeza mate. Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani, mke yuko nyumbani kwao Misunkumilo anapalilia, nani angejua?

"Mama," akaniambia bila kuinua macho, "mwaga."

"Mwaga mwenyewe, iko mbele yako."

"Nikiishika simwagi. Nakuomba, mwanangu."

Nikaenda nikaimwaga nje, na niliporudi alikuwa ameinamisha kichwa mezani. Siku ile sikumtania. Wale wahuni jioni yake niliwapa maneno ambayo wengine wao mpaka leo hawapiti upande wangu wa barabara.

Mji wetu haufichi kitu. Maneno yalifika Misunkumilo kwamba Bwana Nyuki anaonekana grosari saa mbili asubuhi, na asubuhi moja Mama Nyuki akatokea mlangoni kwangu, kitambaa cha kanisani kichwani, nyuma yake yule mzee wa kanisa aliyesimamia kiapo. Walimkuta mumewe pua imo ndani ya glasi mpaka kwenye mashavu.

"Ndiyo hii," Mama Nyuki akasema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Sijaonja, mama watoto. Nanusa tu. Muulize huyu."

"Kweli mama, hajawahi kuonja," nikasema. "Mimi ni shahidi."

Mzee wa kanisa akanitazama mimi, akatazama chupa nyuma yangu, akauliza tangu lini mwenye baa akawa shahidi wa mtu kutokunywa. Mama Nyuki akasogea akanusa ndevu za mumewe, akarudi nyuma. Ndevu zilinuka wiski. Zingenuka nini? Nikaona machozi yamejaa, na nikajua zile sufuria sasa zinafungwa tena, na mumewe safari hii hana pa kwenda kubembeleza. Moyo uliniuma, maana glasi zilikuwa zangu.

"Mwanadamu anaweza kunidanganya," Mama Nyuki akasema. "Twende kwa nyuki. Wao walishamsema mara moja."

Basi nikafunga grosari, tukaenda Kasokola, kwenye manzuki yake, yaani pale mizinga yake ilipotundikwa, kando ya pori. Mama Nyuki alikataza kunawa. Alikataza wavu wa uso, akakataza bomba la moshi. Aende kama alivyotoka kwangu, ndevu hivyo hivyo, afungue mzinga. Kama amekunywa watasema. Mzee wa kanisa alikuwa amevaa suti nyeusi, na nyuki wanaichukia rangi nyeusi kama deni la shetani, hivyo nilimshauri ajifiche nyuma ya kichuguu. Akasema Mungu ni ngao yake. Baada ya nyuki wawili kumzunguka akaenda nyuma ya kichuguu na Mungu wake.

Bwana Nyuki alitembea taratibu. Nilimwona amevua kofia. Alikuwa anaongea nao kwa lugha ya kwao, kwa ile sauti ya chini, kama anayebisha hodi kwa wakwe. Akainua kifuniko. Wakatoka, wakamtambaa mikononi, wakapanda shingoni, wakatembea kwenye ndevu. Mama Nyuki alikuwa amenishika mkono, ananifinya mpaka mfupa. Hapo nikaelewa kwamba huyu mama haombi mumewe aumbuke. Anaomba asiumbuke, lakini hajui namna nyingine ya kujua.

Hakuna aliyemdunga. Akafunika mzinga, akageuka, anakuja kwetu, meno yote nje. Amebakiza hatua kama kumi, nyuki mmoja, mmoja tu, akamfuata kutoka nyuma, akapita sikio, akazunguka mbele, akamdunga kwenye ncha ya pua.

"Amedungwa!" mzee wa kanisa akapiga kelele kutoka kwenye kichuguu. "Nimeona! Ushahidi huo!"

"Mmoja!" nikasema. "Mzinga mzima, mmoja! Angekuwa amekunywa si tungekuwa tunamfuata lamboni?"

"Kiapo hakina idadi!"

"Na wewe mbona walikuzunguka, ulikunywa?"

"Nyamazeni nyie," Mama Nyuki akasema. Akamsogelea mumewe, ambaye alikuwa amesimama kama mtoto aliyevunja chungu, machozi yakimtiririka kwa maumivu, pua inavimba tukiiona. Akautoa ule mwiba kwa kucha. "Toa ulimi." Akatoa. Akaukagua juu, akaukagua chini. Akafikiri sana.

"Mdomo hauna kesi," akasema. "Mwenye kosa ni pua, na imeshachapwa." Kisha akaitazama ile pua, ambayo sasa ilikuwa imefika ukubwa wa kiazi, na kicheko kikamshika. Alicheka akakaa chini kwenye majani, akacheka mpaka kitambaa kikaanguka. Bwana Nyuki naye akaanza kucheka, anaumia, anashika pua, anacheka. Mzee wa kanisa akabaki na hasira zake za peke yake kule kichuguuni. Baada ya hapo ruhusa ikatolewa: kunusa anuse, ila ulimi ukigusa tu, Mamba iko pale pale.

Akanusa kwangu miaka mingine mingi. Sikuwahi kumwona akivuka mpaka.

Mwaka juzi alianguka mtini. Kwa umri ule alikuwa bado anapanda kutundika mizinga, na nyonga ikavunjika. Glasi za mkandarasi nikawa naziosha bila kuzuiwa na mtu, na nilijikuta nimezichukia. Kisha siku moja nikamwona Mama Nyuki mlangoni, kitambaa kile kile cha kanisani.

"Nipe ile ya mkandarasi," akasema. "Kichupa kidogo."

Nikampa, nikakaa na maswali yangu. Akarudi wiki iliyofuata. Wiki ya nne nikashindwa kuvumilia, Jumapili baada ya ibada nikabeba mkungu wa ndizi nikaenda Misunkumilo kumjulia hali mgonjwa.

Bwana Nyuki alikuwa kitandani, mito miwili mgongoni, amepungua, lakini kofia iko kwenye msumari wake. Tukasalimiana. Mama Nyuki akaleta kigoda, akaleta kichupa, akaleta glasi, akamimina. Kisha, mbele ya macho yangu, mwanamke aliyekwenda Mamba misimu miwili kwa ajili ya pombe akaishika glasi kwa viganja viwili, akafumba macho, akainywa yote. Uso ukakunjamana, bega moja likaruka. Akaipuliza glasi, akaitikisa, akampa mumewe.

"Mara ya kwanza niliimwaga kwenye mgomba," akanieleza, huku akijifuta mdomo. "Akanusa akasema hii imemwagwa, haijanywewa. Eti glasi inataka joto la mkono na pumzi ya mtu. Sasa humu ndani mtu ni nani? Yeye kaapa."

Bwana Nyuki alikuwa ameingiza pua. "Mbao," akasema. "Moshi kidogo."

Mama Nyuki akaitikia kwa kuridhika, akachukua ndizi kwenda jikoni, akiimba wimbo wa kwaya kwa nguvu kuliko kawaida, na mlangoni akagusa ukuta mara moja kujihakikishia kwamba upo.

Alipotoka, mzee akanivuta mkono. "Mama, sisikii kitu."

"Husikii nini?"

"Harufu. Tangu yale mafua ya masika. Pua imekufa kabisa. Hata mafuta ya taa sisikii."

"Na hiyo mbao na moshi?"

"Nasema ya zamani, nayakumbuka." Akaigeuza glasi mkononi. "Nimwambieje? Alilia miaka na miaka kwa sababu ya hii kitu, leo anaimeza kwa ajili yangu, anakunja uso vile. Nikimwambia ni bure, nitakuwa nimemwumiza mara ya pili. Usimwambie. Niapie."

Nikamwapia. Machozi yalikuwa karibu, nikaaga haraka.

Mama Nyuki akanisindikiza, kama ilivyo desturi, mpaka kwenye njia panda. Alikuwa anatembea vizuri, ila kwa uangalifu mkubwa. Nikasema mzee anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu. Akasema tumshukuru. Tukapita nyumba mbili tatu.

"Pua yake imekufa," akasema.

Nikasimama.

"Unafikiri sijui? Juzi maharage yaliungua, jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Yeye yuko kitandani ananiambia, mama watoto, leo unapika vizuri."

"Sasa mama," nikasema, "kama unajua hasikii, kwa nini bado unampelekea glasi?"

Akatazama nyuma, kuhakikisha mlango wa nyumba uko mbali. Kisha akanisogelea sikioni, na pumzi yake ikanukia mbao.

"Nikimwambia najua," akasema, "mimi nitakunywa kwa kisingizio gani?"

Halafu akaniuliza kama Jumatano nitafungua mapema.